Pumzi ya Kelestini Likweti

Watu wa mtoni walimjua kwa jina la babu yake, Likweti. Jina la Kelestini alilipata ukubwani kwa mapadre, akaliitikia bila kinyongo, ingawa dada yake Balbina, ambaye naye alikuja kubatizwa, hakulizoea hata siku moja.

Baba yao alikuwa Mndamba, mvuvi na mwindaji wa viboko. Alijenga ng'ambo ya mto Kilombero ukitokea Ifakara, pale matete yanaposimama marefu kumpita mtu, na masika yakija maji hutanda bonde zima usijue mto ni upi na shamba ni lipi. Majira hayo mitumbwi haionani. Mtu akishaingia kwenye matete, sauti ya mwenzake haimfikii, ndiyo maana kila kundi la wavuvi lilikuwa na mpiga pembe wake. Pembe yenyewe ilikuwa ya tandala, imetobolewa ubavuni karibu na ncha, na milio yake haikuwa mingi. Mlio mrefu unaopanda mwishoni ulikuwa wa kurudi: njooni ukingoni, kuna chakula au kuna msiba. Mlio wa kukatakata ulikuwa wa kiboko: mnyama yuko njiani, kila mtu abaki alipo, asitikise hata tete moja. Huo wa pili mtoto wa Kindamba aliujua kabla hajajua kuogelea.

Baba alipokufa, kwa homa tu, si kwa kiboko kama watu walivyokuwa wakimtabiria, pembe ikawa ya Kelestini. Wakati huo ndevu zilikuwa bado hazijamwota sawasawa. Wavuvi wazima walimkubali kwa sababu moja: alikuwa na sikio. Akisikia kitu mara moja, amekipata. Alimwigiza furukombe, akamwigiza swala sheshe dume anavyoita majike, hata mpakani mwa kijiji watu wakawa hawaamini tena sauti ya ndege wala mnyama yeyote.

Kisha yakaja maji mengine, yale ya vita. Habari ilitangulia, ikifuatwa na wajumbe wenyewe, na vibuyu vya dawa, na ahadi kwamba risasi za Wadachi zitageuka matone. Watu walikuwa wamechoka na kodi na kazi za barabara, na wengi walikuwa wanangoja tu mtu wa kuwaambia inuka. Ifakara ikainuka. Askari wachache waliokuwa pale wakauawa, na baada ya hapo ikasemwa kwamba sasa ni zamu ya boma la Mahenge, juu milimani. Watu walitoka vijiji vingi na hawakuzoeana, hivyo walihitaji pembe za kuwaweka pamoja. Kelestini akaitwa.

Mama yake hakumzuia. Alimpa muhogo wa kuchoma wa njiani, akamwambia jambo moja: atembee nyuma. Pembe, alisema, husikika hata ikipigwa nyuma.

Akatembea nyuma. Walipanda mlima, wakalala porini, na asubuhi walipolikaribia boma Kelestini alisikia sauti ambayo hajawahi kuisikia. Ilitoka ndani ya ukuta, nyembamba na angavu, ikipanda na kushuka bila kukwaruza. Ilikuwa tarumbeta la shaba ambalo askari waliliita buruji. Akasimama. Kwa muda wa pumzi mbili tatu alisahau kilichomleta pale, akawa anajiuliza ni pembe ya mnyama gani inayoweza kubadili sauti namna ile. Kisha bombom, ile bunduki yao ya risasi za mfululizo, ikaanza kufyatua, na watu wa mbele wakalala chini kama mpunga uliopigwa na mvua.

Maisha yake yote jambo hilo halikumwacha: kwamba wenzake walipokuwa wanakaribia kufa, kitu cha kwanza alichokisikia yeye kilimpendeza.

Walishambulia, wakarudishwa, wakalizunguka boma, mwisho wakatawanyika. Kelestini alijificha milimani na wenzake kadhaa, wakila mizizi. Walipokuwa wanateremka kurudi bondeni wakaangukia mikononi mwa doria. Pembe ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, na hilo lilikuwa baya, kwa sababu wapiga pembe walihesabiwa kuwa viongozi, na viongozi walinyongwa. Walimfunga mnyororo pamoja na wengine.

Katika doria hiyo alikuwamo ombasha mmoja, yaani koplo, jina lake Rehani, Mmanyema mtu mzima mwenye mvi za mapema. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapiga buruji, na mwenzake wa pekee alikuwa amekufa kwa kuhara damu wiki ile. Aliitazama ile pembe, akamwuliza mwenyewe ni nani, halafu akamwamuru apige. Kelestini alikuwa na njaa na hofu, na wimbo wowote wa kwao haukumjia. Uliomjia ni ule wa Mahenge. Akaupiga kama ulivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Askari waliokuwa wamekaa wakila waliruka, wakashika bunduki.

Rehani peke yake hakuruka. Alikwenda kwa luteni, Mdachi kijana mwenye uso ulioungua jua, wakazungumza kwa muda. Alipokuja, alikuwa na ufunguo wa mnyororo. Wale waliofungwa pamoja na Kelestini walipelekwa Mahenge, na hakuwaona tena.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika jeshi la watu walioua nusu ya rika lake. Hakulichagua, wala hakulikataa. Balbina alipokuja kumwuliza miaka mingi baadaye aliwezaje, alijibu kwamba siku ile alikuwa anafikiria chakula, na kesho yake alikuwa anafikiria buruji. Na ni kweli kwamba buruji ilimteka. Haina tundu wala kizibo. Sauti zote hutoka katika midomo, kwa kukaza na kulegeza. Rehani alimfundisha kushika pumzi tumboni badala ya kifuani, na kuimaliza sauti kwa ulimi badala ya kuiacha ife yenyewe. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili Kelestini alikuwa anaamsha kambi.

Kikosi kikateremka bondeni. Hiyo ndiyo miezi ya kuchoma. Maghala yalichomwa, mashamba yakachomwa, mitumbwi ikapasuliwa, ili watu njaa iwatoe mafichoni. Wandamba waliingia ndani ya matete na kukaa humo juu ya vichanja, na hakuna askari aliyeweza kuwafuata. Ndipo mtu mmoja aliyekuwa akiongoza njia, mwenyeji wa Ifakara asiyejua mambo ya mtoni, akamwambia luteni kwamba watu hawa huitana kwa pembe, na kwamba mpiga buruji wake mwenyewe ni mmoja wao.

Kelestini akarudishiwa pembe yake ya tandala. Walimsimamisha ukingoni, mahali ambapo alikuwa akisimama tangu utotoni, na askari wakalala kwenye nyasi pande zote mbili. Aliamriwa apige mlio wa kurudi. Hakuambiwa watu wakitoka watafanywa nini. Kwenye kivuko kimoja, aliona waliotoka wakitiwa minyororo. Kwenye kingine alisikia milio ya risasi, wala hakuona. Mama yake na Balbina walikuwa mle ndani, kama walikuwa bado hai.

Akapiga mlio wa kiboko.

Matete hayakutikisika. Luteni akangoja, akaamuru tena, na Kelestini akapiga tena, mfupi mfupi, wa kukatakata. Ndege waliruka. Hakutoka mtu. Jua lilipokuwa kali luteni alichoka, akasema hakuna mtu humo, wamekufa au wamehama, na kikosi kikaondoka.

Njiani Rehani alitembea naye bega kwa bega. Walipopiga kambi, alikaa karibu yake akisafisha buruji kwa jivu, akasema kwa sauti ya chini, "Siku nyingine uvute kidogo. Hata Mzungu anajua kuwa mlio wa kumwita mtu huwa mrefu."

Hakulizungumza tena jambo hilo, wala hakulipeleka popote.

Vita vilipokwisha Rehani alihamishiwa Dar es Salaam, akaomba aende na mwanafunzi wake. Huko kulikuwa na bendi ya askari iliyopiga Jumapili mbele ya Wazungu, na katika sikukuu ya kuzaliwa Kaiza, mfalme wao. Mkuu wa bendi, Mdachi mfupi mwenye kikohozi kisichokwisha, alimsikiliza Kelestini, akamtazama midomo, akamnyang'anya buruji na kumpa klarineti. Wenzake waliiita zumari la Kizungu. Kwa wiki kadhaa ilimtolea sauti ya bata. Alikuwa amezoea kutafuta sauti kwa midomo, na sasa ilimbidi azitafute kwa vidole. Lakini alipoipata, aliipata yote: chini ilikuwa nzito kama mtu anayezungumza na nafsi yake, juu ilikuwa kali kama ndege. Alijifunza kusoma nota. Alijifunza nyimbo za kwendea gwaride na nyimbo za kuzungukia ambazo Wazungu huzicheza wameshikana viuno. Alibatizwa. Jioni, akiwa peke yake nyuma ya kambi, alipiga nyimbo ambazo hazikuandikwa popote, za wanawake wa kwao wakitwanga.

Miaka yote hiyo aliishi kwa imani moja, kwamba ukingoni kule alikuwa amewaokoa watu wake.

Rehani alipofariki, Kelestini akaomba kuachishwa. Mkuu wa bendi alinung'unika, kisha akampa klarineti kuukuu iliyopasuka, ambayo ingetupwa. Kelestini aliukaza ufa kwa uzi wa kuvulia na nta ya nyuki. Akapanda garimoshi mpaka Kilosa, na kutoka Kilosa akashuka kwa miguu, akavuka Ruaha, mpaka Ifakara.

Balbina alikuwa ameolewa pale na mkulima wa mpunga, Wendelin, mtu mtaratibu aliyemkaribisha shemeji yake kana kwamba walikuwa wameachana jana. Balbina mwenyewe alimwamkia kaka yake shikamoo, akampa maji ya kunywa, akampikia. Hakulia. Baada ya kula Kelestini akauliza habari za mama.

Balbina alieleza bila kuzunguka. Walikuwa mle ndani siku ile, juu ya kichanja, watu kama kumi na tano. Walisikia.

"Mama alisema, huyo ni Likweti," Balbina alisema. "Alisema, hakuna mwingine anayekata namna hiyo. Ametuambia tukae. Basi tukakaa."

Walikaa mpaka samaki wadogo wakawashinda kushika. Walikula mizizi ya matete na mbegu za yungiyungi. Mama alikufa kabla maji hayajapungua, na si yeye peke yake. Waliobaki walitoka baadaye wakitambaa, wakakuta vita vimekwisha zamani, na wale waliojisalimisha kwenye vivuko vingine wengi wao wako mashambani, wamepewa mbegu.

Kelestini aliuliza kama mama alimlaumu.

"Alifurahi," Balbina alisema. "Alikuwa anadhani umekufa Mahenge. Baada ya siku ile hakulia tena kwa ajili yako." Halafu akaongeza kwa ukweli ule ule, "Lakini mimi nilikulaumu, kaka. Njaa ilipokuwa inanishika nilikulaumu sana. Sasa silaumu tena, nimechoka."

Alikuwapo mwingine ambaye hakuchoka. Apolonia, jirani yao wa zamani, alikuwa amepoteza watoto wawili katika matete yale. Kelestini alikwenda kwake kumsalimu kama ilivyopasa. Mama yule aliipokea shikamoo yake, kwa sababu shikamoo haikataliwi, kisha akamwuliza kama alijua waliotoka watafanywa nini. Kelestini akasema hakujua. Apolonia akasema, "Na mimi sikujua. Ila wangu ndio waliokufa." Akaingia ndani. Kelestini akaondoka na maneno yote aliyokuwa amekuja nayo. 

Karibu mwaka mzima klarineti ilikaa imefungwa kwenye nguo. Alilima na Wendelin, akavua, akajenga nyumba yake upande wa Mlabani. Aliyemrudisha kwenye kupiga alikuwa Verediana, Mpogoro aliyeshuka na wazazi wake kutoka Mahenge, mwimbishaji wa wanawake katika mavuno. Alikuwa amesikia kwamba mtu huyu ana zumari la Kizungu, akamwomba waziwazi alilete uwanjani. Kelestini alilileta, akapiga wimbo wa kwendea uliokuwa ukipendwa sana Dar es Salaam. Aliupiga bila kosa. Watu walisikiliza kwa adabu, wamesimama wima. Wazee wawili waliondoka.

Verediana alimfuata baadaye. "Hizo ni nyimbo za kwenda," alimwambia. "Sisi hatuendi popote. Mguu unatafuta pa kukanyaga, haupaoni."

Kelestini alijitetea kwamba ndivyo ulivyoandikwa. Verediana akasema hajui kuandika, akaanza kuimba wimbo wa kupura mpunga, polepole, akampigia makofi. Akamwambia asimfuate wala asimtangulie. Angoje yeye amalize kusema, ndipo ajibu.

Ilimchukua muda kuielewa kazi hiyo. Katika bendi kila mtu alijua mwanzo na mwisho, na aliyeongeza lake alichapwa. Hapa Verediana alibadili maneno kila mara, akavuta pale alipofupisha jana, na Kelestini alilazimika kumsikiliza kama mvuvi anavyousikiliza mtumbwi mwingine gizani mwa matete. Alipojibu kwa nota za kitabu, Verediana alicheka. Alipojibu kwa kukwaruza kidogo, akiipinda sauti ili ifanane na koo la mtu, makofi yalipamba moto. Vipande vya tete vya kuwekea mdomoni alivyotoka navyo pwani vilipomwishia, alivichonga mwenyewe kwa kisu kutoka matete ya mtoni. Vya kiangazi ndivyo vilivyofaa. Vingi vilivyoharibika alivitupa jikoni kwa Balbina, naye aliwashia moto bila kuuliza.

Wakawa wanaitwa kwenye mavuno na harusi, mpaka Kivukoni, hata ng'ambo ya mto. Verediana akawa mke wake. Katika ngoma moja Apolonia alipita na mzigo wa kuni kichwani, akasimama nje ya uzio kwa wimbo mmoja mzima, akaendelea na safari yake. Kelestini hakumfuata.

Vita vikubwa vilipoanza, Wadachi walikusanya kila aliyewahi kuvaa sare. Kelestini akaitwa kambini Ifakara, akakabidhiwa buruji, akaambiwa apige mlio wa kuamsha. Shaushi, yaani sajini, aliyemjaribu alikuwa amesikia sifa zake. Kelestini akakusanya yote aliyofundishwa na Rehani, akayapindua. Alishika pumzi kifuani, akalegeza mdomo upande mmoja, akaiacha sauti ife yenyewe. Ilitoka kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Shaushi akamwambia ajaribu tena, akajaribu, ikawa mbaya zaidi, na askari wakageuza nyuso wacheke. Alieleza kwa huzuni kwamba midomo imekufa, ndiyo maana aliachishwa. Wakamwandika mvushaji wa mitumbwi mtoni, kazi ngumu, lakini kila jioni alilala kwake.

Verediana alipopata habari alisikitika kwamba hakuwapo. Hajawahi kumsikia mumewe akipiga vibaya makusudi, na alimwomba arudie kidogo tu.

"Siwezi," Kelestini alisema. "Ile ni kazi ya mara moja."

Wadachi walipovuka kwenda kusini na Waingereza wakaja nyuma yao, bonde lilikuwa tupu tena. Majeshi yote mawili yalikuwa yamekula mpunga. Mwaka huo Kasmiri, mdogo wake Wendelin, alioa, na wengine walisema aahirishe kwa kuwa hakuna cha kuwapa wageni. Kasmiri akasema hata mahali pengine wageni hawana cha kula, basi waje tu. Wakaja. Palikuwa na uji mwembamba na samaki wachache. Verediana alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza, na aliimba ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Kelestini aliketi chini kando yake, akajibu. Watu walicheza wimbo mmoja, wakakaa kupumzika kwa sababu miguu haikuwa na nguvu, wakainuka tena kwa unaofuata. Ikawa hivyo mpaka jua likazama, na bwana harusi mwenyewe akawaomba waendelee.